Sekunde chache kabla ya kuruka: cheklisti ndani ya ndege za makampuni



Wale wa Bukavu hawajasahau tarehe 12 Februari 2012. Jeti ndogo ilitua Kavumu, haikusimama, ikapita mwisho wa pisti na kuporomoka. Augustin Katumba Mwanke alikufa pale pamoja na marubani. Matata Ponyo, waziri wa fedha wakati ule, alitoka na majeraha. Mimi nilikuwa bado sekondari, na kwa wiki nzima kila mtu kwetu alikuwa anajua kutamka neno Gulfstream, hata mama wauza ndizi.

Leo siko naandika juu ya ajali ile. Ile ilikuwa ya kutua na ina mambo yake. Nimeanza nayo juu ndege ninayotaka kuwaelezea ni ya aina ileile, Gulfstream IV, na juu kwa wengi wetu ndege ya namna hiyo ni picha tu ya wakubwa: mlango unafunguka, mtu anashuka na miwani nyeusi, gari iko inangoja. Hatufikirii kwamba nyuma ya mlango ule kuna fasi ya kazi. Kampuni au tajiri ananunua ndege, anaajiri marubani wawili au watatu, fundi mmoja, na mtu wa kupanga safari kwa simu. Ndiyo idara ya ndege ya kampuni. Wakati mwingine idara nzima inaingia ndani ya gari moja.

Sasa twende Marekani, mji wa Bedford, jimbo la Massachusetts, uwanja unaoitwa Hanscom Field. Ni tarehe 31 Mei 2014, siku ya posho, karibu saa tatu na dakika arobaini usiku. Hali ya hewa ni nzuri. Gulfstream IV iko inajitayarisha kurudi Atlantic City. Mwenye ndege ni Lewis Katz, mfanyabiashara ambaye siku nne tu mbele yake alishinda mnada wa gazeti la Philadelphia Inquirer. Alikuja na wageni wake watatu kwenye karamu, na sasa wanarudi nyumbani. Ndani kuna abiria wanne, mhudumu mmoja, marubani wawili. Jumla watu saba.

Ndege ikakimbia kwenye pisti na haikunyanyuka. Ilipita mwisho wa lami, ikavunja uzio, ikasimama ndani ya korongo zaidi ya mita 500 mbele, ikawaka moto. Wote saba walikufa.

Injini zilikuwa nzima. Mafuta yalikuwemo. Tatizo lilikuwa kifungo kimoja.

Ndege ikiegeshwa nje, upepo unaweza kupigapiga vile vibawa vidogo vya kuongozea, vya nyuma na vya pembeni, mpaka viharibike. Kwa hiyo kuna mkono ndani ya chumba cha rubani unaovifunga visicheze. Nitauita kifungo cha upepo. Ni kitu kizuri, sawa vile unavyofunga dirisha wakati wa mvua. Lakini lazima ukifungue kabla ya kuwasha injini, juu ukikimbia kwenye pisti vibawa vikiwa vimefungwa, utavuta usukani na pua ya ndege haitapanda.

Cheklisti, yaani orodha ya mambo ya kukagua moja baada ya lingine, inasema hivyo wazi: wakati wa kuwasha injini, kifungo kiwe kimefunguliwa. Halafu kabla ya kuruka kuna jambo lingine ambalo ni kama mtego wa pili wa kukamata kosa la kwanza. Rubani anazungusha usukani mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, anausukuma mbele, anauvuta nyuma, anakanyaga pedali huku na huku. Kama kuna kitu kimeshikwa, mkono unakisikia palepale. Kazi hii inachukua sekunde chache. Ukingoja mwenzako afunge mkanda umeshamaliza.

Hawakuifanya. Sanduku la kurekodi sauti halikuwa na sauti ya mtu hata mmoja akisoma cheklisti. Walipoanza kukimbia, nguvu za injini hazikufika kiasi walichokitaka, na rubani mkuu akaliona hilo. Kisha akatambua, akasema kifungo kimefungwa, akarudia mara kadhaa. Hapo walikuwa bado wanaweza kusimama. Lakini karibu sekunde kumi zilipita kabla ya breki kukanyagwa, na injini zilikuja kupunguzwa baadaye zaidi. Inaonekana walikuwa wanajaribu kukifungua kifungo palepale wanapokimbia. Mtu mwenye haraka hapendi kuanza upya.

Tume ya Marekani ya kuchunguza ajali za usafiri, NTSB, ilitoa matokeo yake mwaka wa 2015. Kama ingesema tu kwamba marubani walisahau, mimi nisingeandika makala hii. Kila mtu anasahau. Lakini ndege ile ilikuwa na chombo kinachohifadhi data za safari zilizopita, na wachunguzi wakarudi nyuma mpaka safari 175. Walitafuta swali moja tu: kabla ya kuruka, usukani ulizungushwa mpaka mwisho pande zote au hapana? Jibu: kwenye asilimia 98 ya safari zile, ukaguzi kamili haukufanyika.

Someni tena hiyo asilimia. Hawakusahau siku ile. Siku ile walifanya kama walivyozoea. Kilichobadilika ni kwamba safari hii kifungo kilibaki kimefungwa, na mtego wa pili ulikuwa umeshaondolewa zamani, kidogo kidogo, bila mtu kuona.

Na hawa hawakuwa marubani wa kuokota barabarani. Walikuwa watu wenye uzoefu mkubwa, walikuwa wamefanya kazi pamoja karibu miaka 12, na walikuwa wanakwenda kwenye mafunzo ya lazima na kufaulu. Idara yao ilikuwa imekaguliwa pia kwa kipimo cha kimataifa cha ndege za makampuni kinachoitwa IS-BAO, na kupita. Makaratasi yote yalikuwa sawa.

Kuna upande wa mtengenezaji pia, siwezi kuuruka. Ndege ile ilitakiwa kuwa na kizuizi: kama kifungo cha upepo kimefungwa, vishikio vya nguvu za injini visisogee zaidi ya nyuzi 6 hivi, ili rubani ashindwe kabisa kupata mwendo wa kuruka. Kumbe kizuizi kiliachia mara tatu au nne zaidi ya hapo. Mamlaka ya anga ya Marekani ilikikubali kwa kuangalia michoro, bila kukijaribu kwenye ndege yenyewe. Kwa hiyo usiku ule mashine haikuwakataza. Njo maana NTSB iliwataja wote watatu: marubani kwanza, halafu Gulfstream, halafu mamlaka.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, nikakutana na jambo lililonifanya niweke simu chini. Cheklisti ya ndege, hii ambayo leo hata madaktari wameiiga, ilizaliwa kwa sababu ya kifungo kama hikihiki.

Tarehe 30 Oktoba 1935, Wright Field, Ohio. Jeshi la Marekani liko linashindanisha ndege za kubeba mabomu. Boeing wameleta Model 299, ndege kubwa ya injini nne. Rubani ni Meja Ployer Peter Hill, mmoja wa marubani bora wa majaribio wa jeshi, na pamoja naye Leslie Tower, rubani wa majaribio wa Boeing. Ndege inanyanyuka, inapanda wima kupita kiasi, inapoteza nguvu, inaanguka na kuwaka. Hill na Tower wote wawili walikufa kutokana na ajali ile. Walikuwa wameacha kifungo cha vibawa vya mkia kimefungwa.

Wengi walisema ndege ile ina mambo mengi mno kwa akili ya mtu. Jeshi hata hivyo lilinunua 13 za kujaribu, na marubani wake wakakaa wakajiuliza. Wangeweza kusema: tuchague marubani wenye akili zaidi ya Hill. Lakini akili ya Hill haikuwa na kasoro. Wakaandika orodha fupi: mambo ya kabla ya kuruka, ya angani, ya kabla ya kutua, ya baada ya kutua. Ndege ile ikawa B-17, na maelfu yakatengenezwa.

Kutoka 1935 mpaka 2014 ni miaka 79. Kifungo kilekile kwa kazi ileile. Tofauti ni kwamba Hill hakuwa na orodha. Wale wa Bedford walikuwa nayo ndani ya ndege.

Basi swali langu la kweli ni hili: kwa nini mtu mwenye orodha, anayejua maana yake, anaacha kuisoma?

Jibu la haraka ni uvivu, na mimi silikubali. Mwangalieni rubani mgeni: anasoma kila mstari, kidole kwenye karatasi. Baada ya mwaka, mikono imeshajua njia. Anafanya mambo yote kwa mpangilio kutoka kichwani, halafu anachukua orodha kuhakikisha. Hiyo inaruhusiwa, na mashirika mengi ya ndege yanafanya hivyo: mikono kwanza, karatasi baadaye kama shahidi. Lakini baada ya safari mia moja, shahidi hajawahi kupata kosa hata moja. Anaanza kuonekana kama mtu anayekupotezea wakati. Kwanza unaisoma haraka. Halafu unaisoma kimoyomoyo. Halafu unaiacha mfukoni. Na kila safari inayofika salama inakuambia kwamba ulifanya vizuri kuiacha.

Mwaka wa 1990 watafiti wawili, Asaf Degani na Earl Wiener, waliandika kwa ajili ya NASA utafiti juu ya namna marubani wanavyotumia cheklisti. Mambo yao mengi ni madogo lakini yana uzito. Kwa mfano, jicho linaona kile linachotarajia kuona. Kama kishikio fulani kila siku kiko chini, siku kikiwa juu utakiangalia na utajibu kwamba kiko chini, bila kudanganya. Ndiyo sababu walipendekeza jibu lisiwe neno tupu kama "sawa" au "tayari". Jibu liseme hali yenyewe, namba yenyewe. Ukiulizwa mafuta, usijibu sawa, taja kilo ngapi. Na mkono uguse au uelekeze kitu unachokitaja, juu mkono unalilazimisha jicho lifike.

Kwa hiyo namna nzuri iko hivi: mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anaangalia, anagusa, anajibu kwa sauti hali anayoiona, na yule wa kwanza naye anathibitisha. Wakikatizwa na simu ya mnara au na abiria anayeuliza choo, wanarudi nyuma. Kama hawana hakika waliishia wapi, wanaanza juu kabisa. Ukiwaangalia kwa mbali utasema ni watoto wa katekisimu.

Sasa, kwa nini idara za makampuni ziko na hatari yake ya pekee? Kwenye shirika kubwa la ndege, leo unaruka na mtu huyu, wiki ijayo na mwingine ambaye hujawahi kumuona. Huwezi kuruka mistari na mgeni; atakushangaa. Ugeni wenyewe unawachunga wote wawili. Lakini kwenye idara ndogo ni paka wao wawili, miaka 12, wanajua hata chai ya kila mmoja ina sukari ngapi. Mmoja akiacha kusoma, mwenzake anaelewa, hasemi kitu. Baada ya muda kusoma kwa sauti kunakuwa kama kumtukana mwenzako, sawa vile kumuomba rafiki yako wa tangu utoto akuonyeshe kitambulisho.

Sheria pia ni tofauti. Marekani, ndege binafsi inayombeba mwenyewe na wageni wake inaruka chini ya kanuni nyepesi kuliko shirika linalouza tiketi. Kuna haraka ya mkubwa pia. Abiria wa tiketi anangoja ndege. Hapa ndege inangoja abiria. Gari linasimama karibu na ngazi, mlango unafungwa, na dakika chache baadaye tajiri anataka kusikia magurudumu yanazunguka. Wakati mwingine hasemi lolote. Ukimya wa bosi unatosha, wote tunaujua.

Halafu nani anamkagua rubani mkuu wa idara ya watu wawili? Yeye mwenyewe. Akienda kwenye mafunzo, ndani ya mashine ya kuigiza safari, anasoma cheklisti vizuri kabisa, mstari kwa mstari, juu kuna mwalimu nyuma yake. Anarudi na cheti. Cheti hakidanganyi, kwa sababu kinaonyesha kwamba anaweza. Hakionyeshi kama anafanya.

Msidhani ilikuwa ni ndege moja tu yenye bahati mbaya. NTSB iliomba chama cha Marekani cha ndege za biashara, NBAA, kichunguze wengine wanafanya namna gani. Mwaka wa 2016 chama kilitoa hesabu, bila kutaja jina la kampuni yoyote: safari 143,756 za ndege 379, kati ya 2013 na 2015. Kwenye asilimia 15.62 ya safari, usukani ulikaguliwa nusunusu. Kwenye asilimia 2.03, ambazo ni safari 2,923, haukukaguliwa kabisa. Ukijumlisha, karibu safari 18 kwa kila 100. Na zile zilikuwa idara zinazokubali data zake zisomwe, yaani zile zinazojali. Nawaheshimu kwa kutoa hesabu ile hadharani. Fikirieni ni vyama vingapi kwetu vingekubali.

Nitatoka kwenye ndege kwa dakika moja. Cheklisti ya upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa kwenye hospitali nane duniani, moja wapo iko Ifakara, Tanzania. Matokeo yalitoka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 mpaka 0.8. Watu walifurahi, nchi nyingi zikaiamuru. Halafu mwaka 2014, mwaka uleule wa Bedford, watafiti waliangalia hospitali 101 za Ontario, Kanada, fasi karatasi ilikuwa imeshakuwa lazima. Hospitali zenyewe zilitangaza kwamba zinaitumia karibu kila mara. Vifo havikushuka kwa kiasi cha kuonekana. Wataalamu wanabishana bado juu ya sababu, lakini mimi kama mtu wa agronomi sishangai sana.

Sishangai juu nami nimewahi kuweka alama kwenye karatasi. Kwenye mradi mmoja tuligawa mbegu za maharagwe kwa ajili ya msimu B. Fomu ilidai tupime uotaji: mbegu mia moja juu ya kitambaa chenye maji, unangoja siku kama saba, unahesabu. Muuzaji alikuwa yuleyule wa misimu mitatu, mbegu zake zilikuwa zinaota sikuzote. Mvua ilikuwa imekaribia. Nikaandika "sawa". Sitaeleza sana, mashamba yalitoka na mapengo, na mama mmoja alinipeleka mpaka katikati ya shamba lake akasimama kimya. Ile fomu iko kwenye faili mpaka leo, imejazwa vizuri, na ina saini yangu.

Kurudi kwenye ndege. Nini kinasaidia kweli? NTSB haikusema tu marubani wafundishwe tena. Waliokufa walikuwa wamefundishwa. Iliomba wakaguzi wa IS-BAO wahakikishe kwamba idara inazitumia cheklisti kwa namna ya kuita, kuthibitisha na kujibu, badala ya kuangalia tu kama kitabu kipo kwenye kabati. Na mapendekezo mengine yalikwenda kwenye data. Ndege nyingi za leo zinarekodi kila mzunguko wa usukani. Data ilikuwa imelala ndani ya ile Gulfstream kwa safari 175, inasema ukweli kila siku, na hakuna aliyeifungua mpaka watu saba walipokufa.

Kuisoma data si kazi ngumu. Idara inamtumia mtu wa nje faili, yeye anarudisha hesabu: mwezi huu safari ngapi, ukaguzi kamili ngapi. Shida ni ya kibinadamu. Rubani anaogopa kwamba tajiri atatumia hesabu kumfukuza, na hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana wanaofanya vizuri wanakubaliana mapema, kwa maandishi, kwamba majina hayatajwi na hakuna adhabu kwa kosa la bahati mbaya. Bila makubaliano hayo, chombo kitapata hitilafu kila wiki, mnaelewa namna gani.

Idara nyingine ndogo, zisizo na fedha za mambo hayo, zinamwalika rubani wa kampuni nyingine akae kiti cha nyuma kwa safari moja au mbili, kisha wao wanakwenda kukaa kwake. Yaani wanaazima ugeni. Rubani mgeni hahitaji kusema kitu. Anakaa pale na daftari yake, na wale wawili wa mbele, ambao wameruka pamoja miaka kumi, wanasikia sauti zao wenyewe zikianza kusoma.